Nguo za Nyuma ya Mlango

Wenzake kazini walimwita Mama Povu, na jina hakulichukia hata kidogo. Alikuwa dobi. Doa lililowashinda wengine lililetwa kwake, naye alilitoa huku akiligombeza kama mtoto mtukutu. Kwa hiyo siku madobi watano walipojitolea kwenda kusaidia kituo cha kulelea watoto wa mitaa ya mabanda, wenzake walishika mafagio, yeye akatafuta cha kufua.

Hakukikosa. Nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, kila mtoto na msumari wake, zilitundikwa nguo za watu wazima za kusikitisha: gauni kuukuu, fulana iliyotoboka, mtandio, blauzi ya buluu iliyochakaa ukosi. Zote zimefubaa, zote zinanuka jasho. Mlezi mkuu, ambaye angemweleza, alikuwa amempeleka mtoto mwenye homa zahanati. Msaidizi wake alikuwa jikoni anakoroga uji. Mama Povu hakuuliza mtu. Wahenga walisema tenda wema uende zako, lakini yeye alitaka atende wema na asifiwe papo hapo. Akafua, akasuuza maji matatu, akaanika. Kufikia saa sita uani kote kulinukia sabuni.

Saa saba watoto wakalazwa, kila mmoja akapewa nguo yake. Wa kwanza akaipeleka puani, akaitupa. Wa pili akaangua kilio. Kilio cha watoto wadogo huambukiza kuliko mafua; haikupita dakika chumba kizima kikawa kinalia, na madobi watano wamebeba wawili wawili, hawajui pa kushika.

Mlezi alirudi, akanusa hewa, akaelewa.

"Nani amefua?" aliuliza, wala hakuwa mkali.

"Mimi, dada."

"Hizi ni nguo za mama zao. Mama anaivaa nyumbani siku mbili tatu, halafu anaileta hapa na harufu yake. Mtoto akimsikia mama, analala."

Mama Povu alitamani ardhi ipasuke immeze. "Kwa hiyo mama zao wakizivaa tena, mambo yatakuwa sawa?"

"Kwa wengi, ndiyo." Mlezi akatazama godoro la pembeni. Msichana wa miaka mitatu, waliyemwita Punje kwa udogo wake, hakuwa analia. Alikuwa anaisaka ile blauzi ya buluu kwa pua, kwapani, ukosini, mikononi, taratibu, bila kuruka mahali. "Huyo mama yake alifariki mwaka jana."

Maji yaliyomwagika hayazoleki, na haya Mama Povu aliyamwaga mtaroni kwa mkono wake mwenyewe. Aliketi sakafuni akalia waziwazi, mtu mzima, mbele ya wenzake. Saa kumi wenzake waliondoka. Yeye alibaki langoni na blauzi mkononi, anamngoja bibi wa yule mtoto, maana jambo kama lile humtumi mtu.

Bibi alifika amechoka, vumbi mpaka magotini.

"Shikamoo, bibi. Nimekukosea." Akamweleza yote, hakujitetea.

Bibi aliipokea blauzi, akaigeuza huku na huku. Akacheka kidogo, kisha akamvuta dobi kando, mtoto asisikie.

"Nyamaza, mwanangu. Harufu ya mama yake iliisha zamani, hata miezi miwili haikufika. Na mimi nilikuwa naitafuta humo humo. Yule alikuwa mtoto wangu. Nilipoona imekwisha, nikaanza kulala nayo mimi. Hiyo uliyoifua ni harufu yangu."

"Na mjukuu hajui?"

"Kila siku ananiambia, 'Bibi, mama yumo.' Nimjibu nini?"

Mama Povu alimshika bibi mkono, akabaki ameushika.

Punje akaja mbio, akamkumbatia bibi yake miguu. "Bibi, mama hayumo."

"Ametoka kidogo. Atarudi."

Bibi akaisokomeza blauzi kifuani, ndani ya gauni, ikagusana na ngozi. Akampandisha mtoto mgongoni. Njia ya mkato ilikuwa pale pale, tambarare, yenye kivuli. Hakuifuata. Alishika ile ya kupanda kilima, jua bado kali, akiharakisha kuliko umri wake, ili atoke jasho.