Vidole Viwili Siniani

Shingirai mimi sikumpenda siku aliyokuja, na sioni sababu ya kulificha hilo eti kwa kuwa baadaye nilimlilia. Baba alimshusha kutoka kwenye lori lake la Bedfodi mbele ya nyumba yetu ya Kizwite, huku Ufipa, mvua zikiwa zinakatika, mwaka wa sabini na tatu. Alikuwa kijana mrefu, amevaa koti la jeshi lisilo na vifungo, mkono wa kulia umefungwa bendeji mpaka karibu na kiwiko. Bibi Sada, mama yake Baba, akatoka na kanga yake kichwani kumpokea mgeni. Kijana akampigia saluti ya mkono wa kushoto na kusema kwa sauti ya gwaride, "Bibi, kaa chini!"

Bibi alikaa chini kweli, kwa kicheko. Kumbe kijana Kiswahili chake alikiokota kambini, alipokuja nchini kwetu mara ya kwanza kufunzwa bunduki, na kambini hakuna aliyemfundisha neno tafadhali. Kwao ni Rodesia, ambako Wazungu wachache walikuwa wamejitangazia kwamba nchi ni yao. Alikuwa anategua bomu la ardhini karibu na mto Zambezi likamlipukia, likamla vidole vitatu vya katikati vya mkono wa kulia. Kikabaki kidole gumba na kikabaki kidole cha mwisho, vimekaa mbalimbali kama majirani waliogombana.

Walikuja pamoja na mkuu wake, mtu mfupi asiyepandisha sauti. Ofisi ya TANU ilijua habari zao, na balozi wetu wa nyumba kumi pia. Baba ndiye aliyepeleka samaki wakavu ng'ambo ya mpaka kupitia Kasesya, kwa hiyo hao wapigania uhuru walikuwa wakimfahamu na kumwamini. Mkuu alikunywa chai yetu, kisha akasema kwa Kiswahili, ili na sisi wenyeji tusikie:

"Nitarudi kabla ya mvua mpya. Nikikuta mikono yako inafanya kazi ya askari, unarudi mstari wa mbele. Nikikuta haifanyi, kuna nafasi ya masomo Ulaya. Utasoma, utakuja kukaa ofisini."

"Nitarudi mstari wa mbele," akasema Shingirai.

"Sikukuuliza unataka nini," akajibu mkuu, akaomba sukari.

Kesho yake alfajiri nikasikia vishindo uani. Nikachungulia. Shingirai alikuwa amechomoa mpini wa jembe la Bibi, ameuweka bega la kushoto, anapiga magoti, anainuka, analenga ukuta wa choo, anapiga magoti tena. Mkono wa kulia ameuficha mgongoni kama mtu anayeuonea haya. Baridi ya Ufipa haimwachi mtu atoke jasho saa hizo, lakini yeye lilikuwa linamtiririka. Mimi nilichoona ni kwamba jembe halina mpini na kazi ya bustani ni yangu.

Vita yenyewe ilianza mchana, kwenye mkeka. Bibi aliketi na sinia la ugali mbele yake, Shingirai upande wa pili, maana Bibi alisema mgeni halishwi peke yake kama mfungwa. Kijana akapeleka mkono wa kushoto siniani. Bibi akaudaka kabla haujagusa ugali.

"Mume wangu," akasema, kwani alikwisha kumfanya mjukuu, na utani ukaanza hapo hapo, "mkono wa kushoto una kazi yake, na kazi hiyo haifanyikii kwenye sinia langu."

"Bibi, huu mwingine umekufa."

"Aliyekufa huzikwa. Mbona huo unatembea nao?"

Nikaona aibu kwa niaba yake, nikaenda kuleta kijiko. Bibi hata hakunitazama. "Kijiko ni cha mgonjwa," akasema. "Shilingi, wewe ni mgonjwa?" Jina la Shingirai lilimshinda tangu mwanzo, na hakujisumbua kulijaribu tena.

"Hapana!" akasema kijana, kifua mbele. Basi akawa amejifunga mwenyewe. Kijiko kikarudi jikoni.

Nyinyi mnaokula kwa vidole vitano hamjui tonge ni kazi ya ufundi kiasi gani. Kwa kidole gumba na kidole cha mwisho, vilivyochomoza kwenye bendeji, ugali ulimponyoka, ukaangukia mkeka, ukaangukia goti, mchuzi ukapita kwenye mkono wa shati mpaka kwapani. Bibi alikula taratibu akimwangalia kwa upole kabisa. Walipomaliza, Bibi ameshiba, Shingirai ana njaa, na mimi niko chini na kitambaa nafuta. Ikawa ndiyo desturi, wao wanakula, mimi nafuta.

Siku moja kidonda kikafunguka, damu ikatoka. Akasimama. "Mimi nafundisha mkono wa kushoto!" akafoka. "Wa kushoto ndio utapiga! Huu hauna kazi! Muda hakuna!" Akatoka, hakula mchana wala usiku.

Nilimgeukia Bibi. "Bibi, unamtesa mtoto wa watu."

"Ninamlisha," akasema.

Kesho yake alirudi mkekani, akaketi, akanyoosha mkono wa kulia kabla hajaambiwa. Sikusikia msamaha kwa Bibi wala kwake. Wakaidi wawili walikuwa wamekutana, na Mungu alikuwa amenipa mimi kitambaa.

Bibi aliniambia siri yake tukiwa tunapepeta maharage. "Mkono wa kushoto ni wa bunduki, nimeuona huko uani. Wa kulia ni wa kukaa na watu. Nitamrudishia wa kulia, Kulsumu, na ule mwingine atausahau. Baba yako anahitaji dereva wa pili. Mtu akila vizuri na watu, hatafuti tena pa kwenda kufia."

Sikumcheka. Babu yangu Uledi alichukuliwa na vita ya Mfalme wa Wazungu, akavukishwa bahari kwenda kupigania nchi asiyoijua, na kilichorudi ni salamu za rambirambi za serikali. Tangu hapo Bibi hakuolewa. Kila aliyemwita mume wangu alikuwa mjukuu.

Bertilla, mkulima wa Milanzi aliyekuwa akituletea nafaka, akapewa agizo jipya: ulezi, mwingi. Ugali wa ulezi ni mweusi na unang'ang'ania, unataka vidole vyenye nguvu. Bertilla alisimama mlangoni na kikapu chake, akamtazama kijana anavyohangaika, machozi yakamlengalenga.

"Mama, mwacheni jamani. Sisi Wakatoliki tungemwacha ale hata kwa mguu."

"Najua," Bibi akasema. "Nimewahi kula kwenu." Bertilla akacheka mpaka akaegemea mlango, lakini ulezi alileta.

Mavuno yalipoingia, Bibi akanunua kwake mahindi na magunzi yake, magunia yakajaa ukumbini. Tukakaa kupukuchua. Shingirai akashika gunzi kwa mkono wa kulia apukuchue kwa wa kushoto. Bibi akamtazama tu, akaendelea kumtazama, mpaka kijana akapumua kwa nguvu na kubadilisha. Gunzi likaenda kushoto. Kidole gumba cha kulia kikaanza kusukuma punje. Kikatoka malengelenge, yakapasuka, ngozi ikawa ngumu kama ya kisigino. Kidole cha mwisho nacho kikajifunza kushikilia na kuokota. Ilifika siku akafunga kamba za viatu vyake mwenyewe, akapiga kelele kwa lugha ya kwao, akanizungusha mimi hewani, na mimi nikasahau kukasirika.

Baba alimruhusu kushika usukani wa Bedfodi, mbele na nyuma, kwenye uwanja wetu. Bibi alipiga vigelegele mlangoni kama kwenye harusi. Na mimi niseme ukweli, nilikuwa nimeanza kuiona akilini ile nyumba ikiwa haina sauti ya gwaride ya Shingirai, na sikupenda nilichokiona. Ila kila alfajiri mpini wa jembe ulikuwa bega la kushoto. Na kila jioni alikuwa na redio sikioni, akisikiliza habari za kwao, amekunja uso. Bibi alikuwa anajifanya haoni. Nami nilijifunza kwake.

Mkuu alirudi wakati nyasi za mlimani zinachomwa na vumbi limejaa kila kikombe. Alikunywa chai, akaomba sukari, akatoka uani kutazama. Shingirai akapiga magoti, akainuka, akalenga, akageuka, akalala chini, akalenga tena. Mpini haukutikisika.

"Mkono wa kushoto utapiga," mkuu akasema. "Sasa nani atakujazia risasi? Mama yako?"

Akafungua mkoba wake, akatoa magazini tupu ya bunduki na risasi zilizofungwa kwenye kitambaa. Akazimwaga kwenye mkeka wetu, ule ule wa chakula. "Jaza," akasema.

Shingirai aliketi. Akashika magazini kwa mkono wa kushoto. Kidole gumba na kidole cha mwisho cha kulia vikaenda chini, vikaokota risasi moja kama vinavyookota tonge, kidole gumba kikaisukuma ndani. Ikalia, tak. Akaokota nyingine. Tak. Alikuwa anapukuchua kinyumenyume. Badala ya kutoa punje kwenye gunzi, alikuwa anazirudisha. Hakuangusha hata moja. Nikamwangalia Bibi, nikaona ameuziba mdomo kwa kanga, macho yamemtoka, na nikajua ameona ninachokiona.

Mkuu akaipima ile magazini mkononi. "Nani kakufundisha?"

Shingirai akageuka, uso wote unang'aa. Alidhani anampa Bibi sifa kubwa kuliko zote.

"Bibi," akasema.

Bibi akainuka, akaingia jikoni. Nikamfuata. Alikuwa ameketi kwenye kinu kilicholazwa, analia bila kujifuta. "Nimempa mwenyewe, Kulsumu. Mume nimempata mwenyewe, na njia ya kuniacha nimempa kwa mkono wangu mwenyewe."

Nilikuwa na hasira na mkuu, na risasi zake, na chai yetu aliyoinywa. "Mkataze," nikasema. "Wewe atakusikia. Hajawahi kukushinda hata siku moja."

Kivuli kikaingia mlangoni. Shingirai alikuwa amesimama pale, mikono yote miwili mbele.

"Bibi, nipe ruhusa."

"Nikikunyima?"

Alifikiri. Alikuwa hajui kudanganya, hata hilo hawakumfundisha kambini. "Nitakwenda," akasema. "Lakini nitakwenda vibaya."

Bibi akasukuma ukuni motoni.

"Nyumbani," akasema, akitafuta maneno, na kwa mara ya kwanza sauti ya gwaride haikuwepo, "mama yangu nywele zimeota mvi. Anafua nguo kwa Mzungu. Mtoto wa yule Mzungu, mtoto mdogo, anamwita, 'Wewe msichana, njoo.' Na mama yangu anakwenda, Bibi. Anakwenda mbio. Mimi siwezi kwenda kusoma huku mama yangu anakimbia."

Bibi alitazama moto. Mumewe alipelekwa kwenye vita asiyoijua, na hakuna aliyemwomba Bibi ruhusa. Huyu vita yake alikuwa anaijua kwa sura ya mama yake, na alikuwa amesimama mlangoni kwetu anaomba.

Bibi akajifuta uso, akainuka. "Kulsumu, weka maji ya ugali. Wa ulezi. Na huyo mkuu mwambie asubiri, hakuna mtu anayeondoka kwangu na njaa."

Wakaketi mkekani kama siku zote. Mimi nikashika birika, lakini Bibi akaninyang'anya, akamnawisha mwenyewe. Akamimina maji juu ya mkono wa kulia, juu ya vile vidole viwili na ile ngozi ngumu. Shingirai, kwa mazoea, alikuwa ameuweka wa kushoto mgongoni.

"Lete na huo," Bibi akasema.

Hakuelewa. Bibi akajinyoosha, akaushika, akauvuta mbele juu ya karai. Tangu siku ile alipoudaka usifike siniani alikuwa hajaugusa. Akaupaka sabuni, akausugua kidole kimoja kimoja, kile cha kufyatulia akakirudia mara mbili, akaumwagia maji mpaka birika likaisha. Machozi yalikuwa yanamtoka na sauti haikutetemeka.

"Huu nao una kazi yake," akasema. "Nenda ukaifanye, uimalize, kisha urudi uniambie umeimaliza."

"Ndiyo, Bibi."

"Sasa kula."

Akala kwa mkono wa kulia, taratibu, matonge ya duara, akichovya mchuzi bila kujichafua. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao na kitambaa changu mkononi. Hakuangusha hata chembe, na nilitamani aangushe.