Foleni ya Ganzi

Tulimsikia kabla hatujamwona. Machela ilikuwa bado kwenye korido, gurudumu lake moja likikwaruza sakafu kama kawaida, na kila lilipogonga kiungo cha vigae mgonjwa alitoa sauti ambayo hakuna aliyeitegemea kutoka kwenye kifua kile. Muuguzi mkuu alisimama na shuka mkononi.

"Si Jabali huyo?"

Nikamwambia ndiye. Moyo wangu ulifurahi, na sitadanganya kwamba niliukemea.

Watu hupenda kusema kisasi hakina ladha. Wanaosema hivyo hawajawahi kukionja.

Jabali lilikuwa jina la wodini; mbele yake kila mtu alimwita Mzee. Alikuwa bingwa wa mifupa, na karibu wapasuaji wote waliobaki pale walipita mikononi mwake. Mikono yenyewe ilikuwa ya ajabu, hilo simnyimi. Lakini enzi zake aliweka sheria moja: mzee aliyevunjika nyonga asichomwe ganzi ya mishipa ya fahamu wodini, avumilie mpaka siku ya upasuaji. "Maumivu ni mlinzi," alikuwa akisema akizunguka vitandani, wanafunzi wamemfuata kama vifaranga. "Ukimlewesha mlinzi, mwizi ataingia." Akiwa na haraka alifupisha: wazee wanadeka.

Mama yangu aliteleza akianika nguo. Wakati huo nilikuwa daktari mchanga katika hospitali hiyohiyo, ndio kwanza nimeanza kujifunza kazi ya usingizi na ganzi. Nilikwisha kuijua ile sindano. Inachomwa chini kidogo ya kinena, dawa inatandaa chini ya utando kama maji yanavyopenya chini ya mkeka, na mishipa inayobeba maumivu ya nyonga inalala. Dawa yake ilikuwa kabatini, ufunguo ukining'inia ukutani. Nilimfuata Jabali ofisini, nikamwamkia, nikamwomba.

"Mama yako ni mgonjwa kama wengine," alisema bila kuinua macho. "Tukianza kupendeleana hapa, tutaishia wapi?"

Haukuwa mfupa uliomuua mama. Kila walipomnyanyua kumwekea chombo cha haja alilia mpaka sauti ikakatika, kisha akawaomba radhi wauguzi kwa kuwasumbua. Basi akatafuta njia yake mwenyewe: akaacha kunywa maji. Nilimshikia glasi mdomoni nikimbembeleza, naye akabana midomo kama mtoto anayekataa dawa. "Nikinywa watanigeuza, mwanangu," aliniambia. Mwili ukakauka, figo zikagoma, akili ikapotea, akaanza kuniita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa. Alikata roho akiwa bado anasubiri zamu yake ya upasuaji.

Jabali alinipa pole kwenye ngazi, akaendelea kupanda. Niliendelea kumpa shikamoo kila asubuhi mpaka alipostaafu, na kila shikamoo ilinitoka shingo upande. Adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti, nilijiambia, na wewe siku yako itafika. Nikangoja.

Alipostaafu aliondoka yeye, sheria ikabaki. Kiti chake alikikalia mwanafunzi wake kipenzi, ambaye sisi tulimwita Mrithi, kijana mpole mwenye tabasamu lisilokwisha. Mimi nilikuwa nimeshakuwa mkuu wa kitengo cha ganzi, na nililipigia kelele jambo hilo kwenye kila kikao. Mrithi alinisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu. "Dada, Mzee alituachia msingi. Tusiutikise."

Na sasa Mzee alikuwa ameanguka bafuni kwake, akavunjika nyonga.

Walimweka kitanda cha pili kutoka dirishani. Cha kwanza kilikuwa cha bibi mmoja fundi cherehani, aliyeletwa jana yake na nyonga kama hiyohiyo. Juu ya kikabati chake palikuwa na glasi ya maji iliyojaa, imefunikwa kisahani. Nilikuwa nimeiona glasi hiyo asubuhi na nikajua kwa nini haijanywewa.

Muuguzi mkuu alimsogezea Jabali maji. "Midomo imekukauka, Mzee."

"Sitaki."

"Kidogo tu."

"Nimesema sitaki!"

Nilisimama miguuni pa kitanda nikamtazama. Jasho lilikuwa limemlowesha kola. Mikono ile ya ajabu ilishika vyuma vya kitanda, na alikuwa akipumua kwa juujuu, asije akautikisa mguu.

Mrithi aliingia mbio, koti halijafungwa. Alimwinamia mwalimu wake, akampa pole nyingi, kisha akanivuta pembeni. "Dada, lete ile mashine yako ya kuonea mishipa na sindano. Kwa Mzee tutalegeza."

"Na sheria?"

"Jamani, dada. Huyu ni Mzee."

"Na bibi?"

"Bibi yupi?"

Hakuwa akinitania. Alikuwa amempita bibi wa watu bila kumwona.

Nikamwendea Jabali. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nichome hiyo sindano, binti."

"Sheria yako inakataza. Tuivunje kwako peke yako, au kwa wote?"

Alifumba macho. Nilidhani maumivu yatamfundisha pale pale, lakini kiburi nacho kina mizizi. "Nianze mimi," alisema. "Hayo mengine tutazungumza."

"Tukianza kupendeleana hapa, Mzee, tutaishia wapi?"

Nilimwona akitafuta kichwani mwake alikoyasikia maneno hayo. Hakupata.

"Huyu bibi amekutangulia tangu jana," nikasema. "Hapa kuna foleni."

Nyuma yangu muuguzi mkuu alikohoa. "Mkuki kwa nguruwe," alinong'ona, na hakumalizia.

Nilifungua pazia lililotenganisha vitanda viwili. Nilimfunika bibi vizuri, heshima yake isipungue, lakini uso wake niliuacha wazi ili jirani auone. Mrithi hakuweza kumruhusu mmoja na kumkatalia mwingine mbele ya wodi nzima. Nilimweleza bibi nitakachofanya, nikamuuliza kama anakubali.

"Mwanangu," alisema, "hata ukinichoma na ile ya cherehani, wewe choma."

Sikufanya haraka, wala sikuchelewesha. Nilifanya kama inavyopaswa kufanywa: nikasafisha ngozi, nikautafuta mshipa kwenye kioo cha mashine, nikapitisha sindano, nikaiangalia dawa ikitandaa mahali pake. Kila hatua ilikuwa tamu. Kwenye kitanda cha jirani Jabali aliguna, na sikugeuka.

Baada ya muda nilimpitishia bibi pamba yenye spiriti pajani. "Baridi hii unaisikia?"

"Naona unanipapasa tu." Akausikiliza mguu wake. Mikunjo ya uso ikaachia mmoja mmoja. "Limeondoka," alisema. "Lidubwana limeondoka." Kisha, bila kuambiwa na mtu, akanyoosha mkono, akatoa kisahani, akanywa.

Jabali alikuwa akiitazama glasi ile.

"Wote," alisema.

"Unasemaje, Mzee?"

"Nimesema wote!" Alimgeukia Mrithi kwa macho, maana shingo ilikuwa na hofu. "Ile sheria ifutwe. Leo. Kwa wote."

Mrithi akaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimeshavaa glavu mpya.

Nilimchoma kwa uangalifu uleule. Kisha tukaingoja dawa, na kwa kuwa hakuwa na pa kukimbilia nilivuta kiti, nikamsimulia. Nilimwonyesha kitanda cha pembeni alipolala mama. Nilimsimulia kuhusu chombo cha haja na jina la mama mdogo.

"Simkumbuki," alisema.

Nilimwamini, na iliniuma kuliko yote aliyowahi kunifanyia.

Dawa ilifanya kazi hata hivyo; haijui chuki. Vidole vyake vikaachia vyuma. Machozi yakamtoka, ya mtu aliyefunguliwa kamba.

"Ni hivi?" aliniuliza.

"Ni hivi."

"Hata enzi zangu?"

"Ilikuwa kabatini."

Bibi, aliyekuwa amesinzia kidogo, alikuwa ameamka na uchangamfu wote wa mtu aliyepumzika. Hakuwa amefuatilia mazungumzo yetu. Alikuwa na lake. "Kumbe dawa yenyewe ipo," alisema kwa sauti. "Sasa nani alikuwa anatubania?"

Mrithi akachunguza viatu vyake.

"Mjibu, Mzee," nikasema.

Alitaka kugeukia ukutani, lakini nyonga iliyovunjika haigeuki, hata ikiwa imelala. Ikambidi akae vilevile, uso juu, mbele yetu sote.

"Ni mimi, mama," alisema.

Bibi alicheka mpaka kitanda kikatikisika, na hakuumia. "Baba wewe! Dawa imekupanda kichwani. Hebu kunywa maji."

Hakuna aliyecheka naye. Nilijaza glasi, nikamwinua kichwa Jabali, nikamshikia mdomoni. Alikunywa, na mimi nikabaki pale nikimtazama mpaka alipoimaliza.