Jirani Yupo?

Fulvio hakuamini mambo ya kuhesabu vichwa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiwazungusha watu kwa basi, kutoka kaskazini hadi Roma na kurudi, na mwaka mmoja kule Assisi alihesabu, hesabu ikatimia, akaondoka. Walipofika hotelini akakuta amebeba mtawa asiyemjua, na abiria wake mmoja, fundi viatu, amebaki Assisi anakula aiskrimu. Tangu siku hiyo akatunga sheria yake mwenyewe. Kabla basi halijaondoka husimama kando ya dereva, hushika kipaza sauti, husema:

"Jamani, kila mtu amwangalie jirani yake! Jirani yupo?"

Na kila mmoja humjibia mwenzake, si nafsi yake. Mume humjibia mke, dada humjibia dada. Hushuki mlima wala hupandi basi bila jirani yako. Waliokuja peke yao aliwaunganisha mwenyewe siku ya kwanza, mbele ya watu wote, huku akicheka: "Ninyi wawili nimewaoza. Ndoa ya siku tano, talaka hakuna."

Safari hii waliokuja peke yao walikuwa wawili tu: Ilenia wa Rovigo, miaka ishirini na tisa, na Bi Iride wa Adria, miaka sabini na minane.

Ilenia hakuinunua safari. Aliishinda kwenye bahati nasibu ya parokia, ile ya kuchangia paa la chekechea. Alichomoa karatasi akitarajia chupa ya mafuta ya zeituni, ikatoka safari ya siku tano, nafasi ya mtu mmoja. Mama mkwe akasema, "Iuze. Mtu ana mtoto wa mwaka na miezi minane, aende kutembea peke yake, wapi na wapi?" Mumewe Mirco akasema, "Nenda, Ile. Hujalala tangu mtoto azaliwe."

Akaenda. Na tangu basi lilipovuka daraja la mto Po, kitu kilikuwa kinamtafuna moyoni kama panya kwenye gunia. Angekuwa anamlilia mwanawe Tobia, ingekuwa afadhali. Lakini usiku wa kwanza alilala saa tisa mfululizo, na alipoamka, kabla hajakumbuka kitu chochote, alifurahi.

Akapiga simu nyumbani upesi, kama mtu anayekimbia kuzima jiko.

"Ananiulizia?"

"Nani, Tobia?" Mirco alikuwa anacheka. "Wala! Yuko na mama jikoni, wanasonga sima. Pumzika wewe."

Sasa mweke mtu wa namna hiyo kiti kimoja na Bi Iride. Bi Iride alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, nywele zimetiwa rangi zikaelekea zambarau, na mdomo haukufungwa ila kwa kumeza mate. Hakuwa na ubaya. Alimenya machungwa akampa Ilenia nusu kubwa. Lakini kila chungwa lilikuja na neno lake.

"Na huko, nani anamwogesha? Mkweo?"

"Ndiyo, Bi."

"Haya. Watoto wanaujua mkono, mwanangu, usidhani hawaujui. Mimi nilizaa wanne, na sikumwacha hata mmoja, hata siku moja. Ila ninyi wa siku hizi mmeendelea. Kula chungwa."

Siku mbili Ilenia alikula machungwa na maneno. Asubuhi ya tatu, kule Arezzo, alipomwona Bi Iride anapanda basi na mfuko mwingine wa machungwa, alisimama njiani.

"Bi Iride, leo naomba unikalie mbali. Nenda hata mbele, kwa wale dada wa Chioggia. Nataka siti zote mbili, nilale. Nimekuja kupumzika, sikuja kuhukumiwa."

Alisema kwa sauti ndogo, ila sauti ndogo nayo hukata. Bi Iride alimtazama, akatazama mfuko wa machungwa, kana kwamba lawama ni ya machungwa.

"Haya, mwanangu," akasema. Akaenda mbele. Mkoba wake mzito akauacha palepale juu ya kiti cha Ilenia, kwenye rafu, kwa sababu kuuteremsha kungehitaji kumwomba msaada.

Walifika Orvieto mchana. Mji ule umekaa juu ya jabali kama keki juu ya sahani, na mabasi hubaki chini stesheni. Watu hupandishwa na kitreni cha kamba. Walipofika juu Fulvio akainua mwavuli wake mwekundu.

"Saa kumi kasorobo tukutane hapahapa kwenye kitreni! Mnashuka na jirani zenu! Saa kumi na robo basi linaondoka, maana dereva wetu Gualtiero saa zake zimehesabiwa na serikali."

Ilenia alizunguka peke yake. Aliingia kanisa kuu, akakaa barazani pa duka la vyungu, akanywa kahawa taratibu mpaka ikapoa, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka miwili. Saa ilipokaribia alirudi kuelekea kitreni. Kwa mbali akamwona Bi Iride amesimama peke yake kando ya mlango, kiganja juu ya macho, anawakagua mmoja mmoja watu wanaokuja.

Alimwona. Baadaye alijaribu sana kujiambia kwamba hakumwona vizuri, kwamba jua lilikuwa machoni. Alimwona vizuri kabisa, mpaka kifungo cha sweta kilichofungwa tundu lisilo lake. Akawaza zile dakika chache ndani ya kile kibehewa, goti kwa goti, na maneno yatakayosemwa au, vibaya zaidi, yasiyosemwa. Palikuwa na njia ya mawe inayoshuka kwa miguu pembeni ya ukuta wa mji. Akaishika.

Alifika basini mapema, akajikunja kwenye siti zake mbili, akaegemeza kichwa kwenye kioo. Watu wakapanda. Mlango ukafungwa.

"Jirani yupo?" Fulvio akauliza kiti kwa kiti, palepale kando ya dereva. "Yupo!" "Yupo, bahati mbaya!" alisema mume mmoja, mkewe akampiga na ramani. "Ilenia, wa kwako?"

"Yupo," Ilenia akasema, macho amefumba.

Basi likaondoka.

Dakika kama thelathini zilipita kwenye barabara kuu ya kwenda Roma. Kisha simu ikalia juu ya kichwa chake. Ikalia, ikakatika, ikalia tena, ndani ya ule mkoba. Ilenia akauteremsha, ukamlemea mikono, akaupeleka mbele kwa mwenyewe. Norina na Elsa, dada wawili wa Chioggia, walikuwa wanagawana biskuti. Kiti cha tatu kilikuwa na mfuko wa machungwa tu.

"Bi Iride yuko wapi?"

Norina akageuka. "Si yuko nawe huko nyuma?"

"Alikuwa nanyi."

"Asubuhi, ndiyo. Alikuja huku macho mekundu, tukamuuliza, akasema, 'Yule binti ana usingizi wa mwaka mzima, mwacheni alale.' Wakati wa kurudi tulijua yuko kwako." Norina akaiweka biskuti chini. "Si umemjibia wewe?"

Fulvio alikuwa ameshasimama. Uso wake uliokuwa wa utani siku zote ulitoka rangi. Alipiga simu kule juu Orvieto kwa karani wa tiketi, akasikiliza muda mrefu, akisema "ndiyo" na "ndiyo" na "Mungu wangu". Kisha akamgeukia Ilenia.

"Yuko juu. Mzima. Amekataa kushuka. Wamembembeleza mara tatu apande kitreni, anasema haondoki, jirani yake bado yuko mjini, huenda amepotea." Akaishusha simu. "Jirani yake ni wewe, Ilenia."

Basi zima likamgeukia. Ilenia alitaka sakafu ile ya mpira imfungukie.

"Turudi," mtu akasema.

"Sirudi," Gualtiero akajibu bila kugeuka. "Mniwie radhi. Nikigeuza, saa zangu zinaisha njiani, tutalala wote barabarani na leseni yangu mfukoni mwa polisi."

"Nishusheni penye treni," Ilenia akasema. "Nitamfuata mimi."

"Niende mimi, ni kazi yangu," Fulvio akasema.

"Kazi yako ni hawa. Yule nilimjibia mimi."

Walimshusha stesheni ya Orte, mkoba wa Bi Iride begani. Norina alimpa mfuko wa machungwa dirishani bila kumtazama usoni. Treni ya kurudi ilikuwa nusu tupu. Ilenia alikaa na mkoba magotini, na simu ya ndani ikalia tena. Kioo kikaandika jina: ADELMO MWANANGU. Hakuthubutu kupokea. Angemwambia nini? Mama yako nimemwacha juu ya mwamba kwa sababu anasema sana?

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya jabali kitreni kilipomfikisha juu. Bi Iride alikuwa amekaa kwenye benchi la mlangoni, koti la karani wa tiketi mabegani, miguu haigusi chini. Alipomwona, alisimama kama msichana.

"Huyo! Huyo ndiye!" akapiga kelele. "Afande, mwite mwenzako, amepatikana! Wewe mtoto, ulipotelea wapi? Nimewatuma askari wa watu vichochoroni, nimewaambia ana koti la kijani, ana mtoto nyumbani wa mwaka na miezi minane, mtafuteni! Roho ilikuwa hapa!" Akajigusa koo.

Askari wa kike wa manispaa alimtazama Ilenia kwa huruma. "Umepotea, eh? Vichochoro vya huku vinachanganya."

Njia ilikuwa wazi mbele yake, imefagiliwa. Aseme ndiyo. Bi Iride angekuwa shujaa aliyemsubiri aliyepotea, basi lingemsamehe, na hakuna kiumbe angejua.

"Sikupotea," Ilenia akasema. "Nilikuona, Bi. Umesimama papo hapo, unanitafuta. Nikapita njia ya miguu makusudi, nisishuke nawe. Na kwenye basi nikasema yupo, bila kufumbua macho."

Askari akatazama viatu vyake. Bi Iride alikaa tena kwenye benchi. Alivua koti la karani, akalikunja polepole, mkono kwa mkono, mpaka likawa dogo kabisa.

"Saa mbili na nusu," akasema hatimaye. "Nimeshikilia haja ndogo saa mbili na nusu, nisije nikaingia ndani ukapita."

"Nisamehe."

"Ngoja kwanza niende chooni."

Hakusema neno lingine mpaka ndani ya treni ya Roma. Ilenia alimkabidhi mkoba, akampigia Adelmo, akawaarifu na wa hotelini kuwa wako njiani. Kisha akamenya chungwa, akampa nusu kubwa. Bi Iride alilishika bila kulila.

"Nilikudanganya," akaliambia chungwa. "Sikumwacha hata mmoja, nilisema. Adelmo nilimwacha akiwa na miezi kumi. Kwetu wasichana wote tulikwenda Piemonte kupalilia mpunga, maji mpaka magotini, ruba miguuni. Siku arobaini kamili, kama za mwizi. Nilimwacha kwa mama mkwe. Na unajua nini? Jioni tulikuwa tunaimba, tunacheza dansi. Nilikuwa na miaka ishirini. Kuna siku nilicheza nikamsahau."

Ilenia hakuthubutu kusogea.

"Niliporudi nikanyoosha mikono, akakimbilia sketi ya mkwe wangu. Akaangua kilio kwa kuniona, kama mimi ndiye mgeni."

"Kisha?"

"Kisha nini?"

"Alikurudia?"

Bi Iride alitia kipande cha chungwa mdomoni, akatafuna kwa muda.

"Alirudi alipoona siondoki. Wiki moja hivi. Mimi ndiye niliyechelewa kumrudia. Amezeeka sasa, ana mvi, na bado nikimpikia nampa kipande kikubwa." Akafuta vidole. "Lakini usidhani kwa kusema haya nimekusamehe. Goti linaniuma."

"Sidhani, Bi."

"Vizuri. Usidhani."

Asubuhi, mbele ya hoteli Roma, Ilenia alipanda wa kwanza. Alikaa upande wa njia, akapangusa kiti cha dirishani, akakiacha wazi. Usiku alikuwa amempigia Mirco, na Tobia alipewa simu, akapumua ndani yake kama mbwa mdogo, kisha akasema "Mama", kisha akaenda zake.

Bi Iride alipanda taratibu, mkono kwenye goti. Alifika kwenye kiti, akakitazama kilivyopanguswa. Akaitazama rafu.

"Niwekee mkoba hapo juu," akasema. Kisha akarudi mbele, akakaa na dada wa Chioggia.

Ilenia aliupandisha mkoba. Mlango ukafungwa, Fulvio akashika kipaza sauti, na leo hakutania.

"Kila mtu amwangalie jirani yake. Jirani yupo?"

Zamu ilipomfikia, Ilenia alisimama. Alitembea njia yote ya kati, watu wakimpisha magoti, mpaka mbele. Akainama, akamtazama Bi Iride usoni: macho ya kijivu, mikunjo, na sweta ambalo leo pia kifungo kimekosea tundu.

"Yupo," akasema.

Fulvio akageuza kipaza sauti. "Na wa kwako, Bi Iride?"

Basi zima likasubiri. Gualtiero alikitazama kioo chake cha juu.

"Yupo," Bi Iride akasema mwishowe. "Tumemwona. Akakae sasa, tutachelewa. Na aje anichukue baada ya chakula cha mchana, hawa wawili wanakoroma."