Msiba wa Fundi Wei

Marekani na China zilipoanza kupandishiana ushuru, kiwanda cha nguo cha Kimandolu kilipata neema ya ghafla: mashati yaliyokuwa yakishonwa kule yakaletwa kushonwa huku. Wakubwa wanagombana, mgongo unamuuma Rukaiya mshonaji. Sasa zikaja habari kwamba ushuru ungeikumba na Tanzania, kwa hiyo kontena la mashati lilipaswa kutoka Ijumaa hiyo, la sivyo oda ingehamia nchi nyingine.

Cherehani zilikuwa kuukuu, na aliyeziweza alikuwa Wei, fundi kutoka China, mtu mpole aliyejifunza Kiswahili kwa kuwasikiliza kina mama wakisengenyana. Wakaguzi wa mnunuzi Mmarekani wakija, meneja humficha stoo nyuma ya majora ya vitambaa. Eti wasimwone Mchina.

Asubuhi ya Ijumaa hiyo Rukaiya, kiongozi wa laini ya kushona kola, alimkuta Wei amechuchumaa kando ya mashine, bisibisi mkononi, analia kimyakimya.

"Mama yangu amekufa," alisema. "Kuzika Jumapili. Ndege ipo leo jioni. Meneja hataki kutoa pasi ya kusafiria."

Pasi hiyo ilifungiwa kwenye sefu ya meneja tangu Wei alipofika nchini. Rukaiya akaenda ofisini. Meneja, Bwana Frederick, hakuinua hata macho.

"Kontena likitoka, ataondoka. Mashine zikiharibika nani atatengeneza, wewe? Na mkataba wako unaisha mwezi huu, usisahau."

Rukaiya akarudi kwenye mashine yake. Mumewe, Shomari, alikuwa kitandani tangu alipoanguka kazini; nyumba nzima ilikula kwa mikono yake yeye. Lakini alipozikwa mama yake Rukaiya, Wei alifika makaburini na buti zake za kazi, akashika koleo kama mwana wa nyumbani. Angewezaje kushona kola leo?

Akazima cherehani. Akafungua kanga kiunoni, akaitandika sakafuni, akaketi kama wanawake wakaavyo matangani.

Elizabeth, mshonaji mwenzake, Mmeru wa Akheri, akamwinamia. "Mama Said, unatafuta nini? Hao wakubwa wana yao. Sisi tuna watoto."

"Ya wakubwa siyajui. Huyu kafiwa, na hapa ndugu zake ni sisi."

Elizabeth akaguna. Akaketi. Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine, wanawake wakamweka Wei katikati yao. Walutheri wakaanza wimbo wa maombolezo kwa sauti ya chini. Twahira na Waislamu wenzake wakainamisha vichwa.

Frederick alitoka mbio, akaona, akapiga simu polisi: njooni, kuna mgomo.

Akaja askari mmoja, mtu mzima. Alipowaona wanawake wamekaa chini, alivua kofia kabla hajafikiri.

"Poleni, jamani. Nani amefiwa?"

"Fundi wetu, afande," alisema Rukaiya. "Mama yake mzazi. Na pasi yake imefungiwa, hawezi kwenda kuzika."

Askari akamshika Wei mkono kwa mikono yake miwili. "Pole sana, ndugu yangu." Kisha akamgeukia meneja. "Bosi, umeniita kwenye mgomo. Huu ni msiba. Nikitawanya msiba, kwetu nitapita wapi? Na pasi ya mtu unaifungia kwa sheria gani?"

Sefu ikafunguliwa. Wei akapokea pasi yake, na askari akamwondoa kwa gari lake kumwahisha uwanja wa ndege.

Wanawake wakainuka, wakakung'uta nguo. Frederick alisubiri gari lipotelee barabarani.

"Rukaiya, kusanya vitu vyako, usirudi tena hapa. Wengine, mashineni. Kontena linasubiri."

Rukaiya akachukua mkoba wake. Alijua neno hilo lingekuja, na bado lilimkata maini. Hakuna aliyegusa mashine. Elizabeth alimtazama meneja, akaitazama saa ya ukutani, kisha akarudi kuketi sakafuni.

"Sasa huu ndio mgomo, bosi," alisema taratibu. "Mwite tena yule afande."

Na laini nzima ya kola ikaketi.