Vigingi Kumi na Viwili

Nimemchukia Mzee Betri miaka sita, na kila asubuhi nilimsalimia kwa heshima zote. Hakujua kwamba nyumba yangu iko nyuma ya ukuta wa kiwanja chake, alikokuwa akiyeyusha betri chakavu. Wala hakujua kwamba binti yangu alicheza kwenye mchanga wa kando ya ukuta ule hadi madini ya risasi yakamwingia damuni. Ana miaka tisa sasa. Nikimtuma chumvi, anasahau kabla hajafika mlangoni.

Mzee alitaka kuuza kiwanja, na bila cheti cha kuonyesha udongo ni salama hakuna mnunuzi. Akaniajiri nichanganye chokaa, mboji na unga wa mifupa. Vitu hivyo haviondoi sumu. Vinaifunga ardhini isibebwe na maji wala mizizi. Ila lazima kila hatua igeuzwe kwa jembe, na kiwanja ni kikubwa.

Mpimaji wa udongo alikuja akachomeka vigingi kumi na viwili, hapo ndipo angechota sampuli baada ya miezi mitatu. Alipotupa tu kisogo, mzee akanivuta pembeni.

"Weka dawa kwenye vigingi tu. Kwingine tandaza majani."

"Na watakaojenga hapa, wenye watoto?"

"Mama, acha kiherehere. Kwani ni watoto wako?"

Nikajibu, "Sawa, bosi," nikafanya alivyotaka, barabara kabisa. Siku ya sampuli niliwahi kabla ya wote, nikavihamisha vigingi vyote hatua kumi kumi, hadi pasipo na dawa. Mashimo ya zamani niliyafunika kwa majani yake mwenyewe, huku nikicheka peke yangu.

Majibu yalipotoka, mnunuzi aliyekuwa akingoja cheti aliingia mitini. Mpimaji akaamuru kiwanja kizima kitibiwe, la sivyo mzee afikishwe mahakamani. Mzee akatafuta vibarua. Nilikuwa nimeshawaambia kilichomo mle, hakuna aliyekubali.

Akanijia jasho likimtiririka. "Umenimaliza! Wewe ni nani hasa?"

"Jirani yako. Nyuma ya ukuta."

Alitazama ukuta, kisha mimi. Nikamkabidhi jembe. Sikumwonea huruma hata chembe, na sioni haya kusema hivyo.

Alilipokea. "Nichimbe mpaka wapi?"

"Mpaka umpate binti yangu," nikamwambia. "Yule wa kabla ya betri zako."