Siku ya Kwanza Kazini ya Bwana Soksi

Hojaji sitini na nne zilirudi zikiwa safi kupita kiasi. Hakuna iliyokunjwa, hakuna iliyofutwafutwa, hakuna hata moja yenye doa la chai. Kalamu alizipanga mezani, akaanza kuingiza majibu kwenye kompyuta, na alipofika ya kumi na mbili jasho jembamba likamtoka.

Tano. Tano. Tano. Tano.

Jina la Kalamu alipewa na wafanyakazi wa kiwanda cha ndoo, kwa sababu aliingia kila asubuhi na kalamu moja sikioni, nyingine kwenye nywele na ya tatu mkononi, halafu anauliza nani ana kalamu. Alikuwa anasomea shahada ya uzamili katika saikolojia ya kazini. Utafiti wake ulitaka kujua jambo moja tu: watu wanaokata kingo za ndoo na kutia mipini kutwa nzima wanaionaje kazi yao? Maswali yalikuwa arobaini, na kila swali lilijibiwa kwa namba, kuanzia moja, "sikubali kabisa," mpaka tano, "nakubali kabisa."

"Msimamizi wangu hunisikiliza." Tano. "Napata muda wa kutosha kupumzika." Tano. "Kiti changu kinaufaa mgongo wangu." Tano, na mama aliyejibu hivyo Kalamu alimkumbuka vizuri sana: alijaza karatasi akiwa amesimama, mkono mmoja kiunoni, anaguna.

Swali la thelathini na moja lilikuwa mtego. Aliliweka ili ajue nani anasoma na nani anatia alama tu amalize akale. Lilisema: "Nikiwa kazini huwa naruka angani bila mabawa."

Watu sitini na nne. Wote walikubali kabisa.

Binamu yake, ambaye alisomea kompyuta katika chuo hicho hicho, ndiye aliyemwandikia programu ya kuchora matokeo. Alibonyeza, wakasubiri, na kwenye kioo ukasimama mstari mmoja mnene, mrefu, peke yake.

"Hii nini?" Kalamu akauliza.

"Mlingoti."

"Programu yako imeharibika."

"Programu yangu nzima kabisa. Watu wako ndio wamepona matatizo yote ya dunia. Hongera, binamu, umegundua pepo, na kumbe inatengeneza ndoo."

Mwalimu aliyemsimamia chuoni, ambaye wote walimwita Daktari, hakucheka. Aliitazama ile picha, akaigeuza juu chini, ikabaki vile vile.

"Takwimu zisizo na tofauti hazisemi kitu," alisema. "Jopo linakaa Jumatatu ya wiki ijayo. Ukiwaletea huu mlingoti wako, utarudia mwaka."

Kurudia mwaka! Mama yake Kalamu alikwisha kushonesha gauni la mahafali, akalivaa mara mbili ndani ya nyumba na mara moja sokoni, ili watu waulize. Waliuliza. Sasa mtaa mzima ulijua tarehe.

Kesho yake Kalamu alimfuata Mama Mipini wakati wa mapumziko, nyuma ya kiwanda, wafanyakazi walikokaa juu ya ndoo zilizopinduliwa. Mama Mipini alikuwa mkongwe wa mstari wa pili. Alitia mipini ya waya kwenye ndoo mbili kwa mpigo, huku anaongea na mtu aliye nyuma yake, na neno lake pale lilikuwa ndilo.

"Mama, mbona mmenifanyia hivi?"

"Tumekufanyia nini tena, mwanangu?"

"Mmeandika tano kila mahali!"

Mama Mipini akatabasamu, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. "Usijali. Hata shukrani hatutaki."

"Sijaja kushukuru, mama!"

"Basi kaa nikueleze. Ulipogawa zile karatasi, tulifanya kikao hapa hapa. Nikawaambia, jamani, binti yuko kwenye mtihani, na alama tunampa sisi. Nani atamnyima? Hakuna aliyenyoosha mkono. Kuna mmoja alitaka kukupa nne kwenye lile swali la kiti. Tulimkalisha chini, tukamuuliza kama na yeye hana watoto."

"Alama si zangu! Zilikuwa zenu, mnaipa kazi yenu!"

"Kazi inasoma chuo gani hata tuipe alama?"

Kalamu akafunga macho, akahesabu mpaka tatu. "Na lile la kuruka angani?"

Wote juu ya ndoo wakamgeukia Mama Mipini.

"Lile lilitusumbua," Mama Mipini alikiri. "Tulibishana mpaka kengele ikagonga. Mwisho nikasema, tumeshafika swali la thelathini salama, tumwangushe mtoto wa watu kwa hilo moja?"

Kalamu alieleza upya, taratibu, kwa mikono miwili. Alitaka ukweli. Alitaka kila mtu ajibu lake. Mwalimu wake alitaka tofauti.

"Tofauti," Mama Mipini akasema, akigeukia wenzake. "Mmesikia? Si angesema tangu mwanzo!"

Kalamu akagawa hojaji mpya, na kesho yake zilirudi. Moja, mbili, tatu, nne, tano, moja, mbili, tatu, nne, tano, mpaka chini. Wa kwanza alianzia moja, wa pili akaanzia mbili, wa tatu akaanzia tatu, kama wanavyopokezana zamu kwenye mashine, ili chuo kisije kikasema wamenakiliana. Namba zote zilitoka sawasawa kwa idadi, bila hata moja kuionea nyingine.

"Mlingoti umeanguka," binamu alisema. "Sasa una meza."

Kalamu alirudi bwenini akajitupa kitandani na viatu vyake. Mwenzake wa chumba, aliyeitwa Chekechea kwa sababu alisomea makuzi ya mtoto na mchana wake wote aliumalizia kwa watoto wa miaka minne, alikuwa anashona jicho la soksi. Soksi ilikuwa ya kijivu, ndefu, yenye mdomo wa kitambaa chekundu, na jicho moja lilikuwa kifungo cha shati, la pili kifungo cha koti.

"Wanakupenda, ndiyo shida yenyewe," Chekechea alisema baada ya kusikia yote. "Wangu nao hivyo hivyo. Mtu mzima akimuuliza mtoto, unampenda mwalimu wako? Mtoto anamtazama usoni, anatafuta jibu litakalomfurahisha. Anampa."

"Halafu?"

"Halafu namtoa huyu." Akaingiza mkono ndani ya soksi, ikainua kichwa. "Bwana Soksi ni mjinga. Hajui choo kiko wapi, hajui nani anapiga wenzake. Mtoto hana haja ya kumfurahisha mjinga. Anamhurumia, anamfundisha. Siku moja kaambiwa siri za shule nzima kabla ya uji."

"Chekechea, mimi nina watu wenye wajukuu!"

"Na una siku nne."

Kalamu alimtazama Bwana Soksi. Bwana Soksi akamtazama na kifungo cha koti.

Kiwandani alikuwa amepewa stoo ndogo ya kufanyia mahojiano, na ndoo zilizopangwa mpaka darini pande zote. Alhamisi asubuhi akaingia wa kwanza, msichana wa kukata kingo, kisu chake kifupi kikiwa mfukoni mwa aproni. Kalamu alimsomea karatasi ya ridhaa: kila litakalosemwa litaandikwa, jina halitaandikwa, na anayetaka kuacha ataacha muda wowote. Msichana akasaini. Ndipo Kalamu akapiga moyo konde, akamtoa Bwana Soksi chini ya meza.

Msichana alicheka mpaka akashika ndoo, ndoo zikashuka, wakaziokota wote wawili. Kalamu alikuwa radhi ardhi ipasuke immeze, pamoja na mkono wake.

"Habari, dada," soksi ilisema kwa sauti iliyokwaruza kwa aibu. "Mimi mgeni. Nimeajiriwa leo. Sijui hata pa kuanzia."

Msichana akafuta machozi ya kicheko. Akamtazama Bwana Soksi. Kitu kikabadilika usoni mwake.

"Umepangiwa mstari wa ngapi?"

"Wa pili."

"Masikini. Sikiliza, usikae kiti cha tatu. Mguu wake umekatika, ukiegemea tu umekwenda. Ndoo zikitoka kwenye mashine zina moto, usizishike mpaka uhesabu kumi, ila msimamizi wa zamu, tunamwita Filimbi, akipita usihesabu kwa mdomo. Unaniangalia? Na chooni nenda kabla hujaingia, kwa sababu ukiomba ruhusa anakupigia filimbi mbele ya watu wote ukienda, na nyingine ukirudi."

Kalamu aliandika kwa mkono wa kushoto, herufi zikitambaa kama wadudu. Hakuthubutu kusimamisha.

Habari ilienea. Kufikia mchana kulikuwa na foleni. Kila mmoja aliingia akicheka na kila mmoja, dakika mbili baadaye, alikuwa amesogeza kiti mbele na kushusha sauti. Hakuna aliyesema analalamika. Walikuwa wanamsaidia mgeni.

Mama Mipini aliingia wa mwisho siku hiyo. Alisaini, kisha akamwonya Kalamu kwa kidole.

"Wewe nilikupa tano na siwezi kukunyang'anya. Nitaongea na huyu." Akamshika Bwana Soksi kichwa, akamnyoosha kifungo. "Mgeni, vidole vikianza kufa ganzi useme siku hiyo hiyo. Mimi nimetia mipini miaka kumi na tisa na sikusema. Sasa asubuhi siwezi kufunga vifungo vya blauzi yangu. Ananifungia mjukuu wangu, yuko darasa la pili. Anadhani ni mchezo wetu."

Mkono wa kushoto wa Kalamu ukasimama. Ilibidi Bwana Soksi aseme ahsante peke yake.

Ijumaa walikuwa wamefika mtu wa hamsini na moja filimbi ilipolia mlangoni.

Msimamizi wa zamu, ambaye jina lake halisi hakuna aliyelikumbuka, alisimama pale mashavu yakiwa bado yamevimba. Aliitazama foleni ya watu kumi na watatu. Alimtazama mama mtu mzima aliyekuwa amemshika soksi bega.

"Hapa ni kiwanda au ni arusi ya vikaragosi?"

"Ni mfanyakazi mpya, msimamizi," Mama Mipini alijibu kutoka kwenye mashine yake, bila kugeuka. "Tunamwelekeza kazi."

"Lete hapa!"

Akamvua Bwana Soksi mkononi mwa Kalamu, akaenda naye ofisini kwake, kile chumba cha vioo kilichokaa katikati ya ukumbi, akafunga mlango. Watu kumi na watatu walibaki, jopo lilikuwa Jumatatu, na sasa simu ingepigwa chuoni.

Filimbi hakupiga simu. Alimweka Bwana Soksi juu ya meza, akajifanya anapanga mafaili. Akamtazama. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kama mtu anayetaka kuvuka barabara, na kioo kilikuwa kioo tu, kilimwonyesha kwa kila mtu. Akaingiza mkono.

Mstari wa kwanza ukaacha kukata kingo. Wa pili ukaacha kutia mipini. Sauti haikutoka nje, ila walimwona akimwonyesha Bwana Soksi ile filimbi, kisha akinyooshea dari kidole, ghorofani alikokaa mwenye kiwanda. Walimwona akijishika sikio la kulia na kutikisa kichwa. Aliongea robo saa nzima.

Kalamu alikuwa na kalamu mkononi. Akairudisha sikioni, akageuka kuangalia ndoo. Huyu hakuwa amesaini.

Mlango ukafunguliwa.

"Wamebaki wangapi?"

"Kumi na watatu, msimamizi."

"Dakika kumi kumi." Akamkabidhi Bwana Soksi kwa mikono miwili. "Saa kumi mnirudishie. Hatujamaliza maongezi."

Jumatatu binamu alibonyeza mbele ya jopo, na kwenye ukuta ikatokea picha yenye milima na mabonde: viti, moto wa plastiki, choo, vidole. Mjumbe mmoja, profesa wa uhandisi wa viwanda, aliuliza ni mtaalamu gani aliyefanya mahojiano ya kina namna hiyo. Kalamu akameza mate, akasema ni soksi. Daktari akafunika uso. Profesa akaandika kitu, akakikata, akaandika tena.

"Na msimamizi wa zamu? Sioni majibu yake."

"Aliongea," Kalamu alisema, "lakini si na mimi."

Walimtoa nje dakika ishirini, wakamwita ndani.

Jioni ile alikimbia kiwandani kabla zamu haijatoka, maana Chekechea alimtaka Bwana Soksi wake kwa kesho. Alimkuta mstari wa pili, kwenye kiti cha tatu, ana kitambulisho cha kazi shingoni. Kiti kilikuwa na mguu mpya, alama ya kuchomelea bado nyeusi. Filimbi alikuwa anapita na mikono nyuma, kimya, filimbi ikining'inia tu.

Mama Mipini aliacha ndoo zake, akamshika Kalamu mabega.

"Haya, mwanangu! Umepata ngapi?"

"Nimefaulu, mama! Nimefaulu! Kwa masahihisho madogo tu."

Uso wa Mama Mipini ukaanguka.

"Masahihisho?" Akageukia mstari mzima, mikono kiunoni. "Mmemsikia? Masahihisho! Na zile zetu za kwanza hazikuwa na kosa hata moja."