Ng'ombe Niliowaweka kwa Lusia

Dada yangu Lusia hukamua akiwa amegeuza uso pembeni, kama mtu anayetega sikio kwa jirani. Mgeni atadhani ni maringo. Ukweli ni kwamba katikati ya macho yake pana doa jeusi, na akitaka kuiona chuchu ya ng'ombe lazima aivizie kwa ukingo wa jicho. Doa hilo nilimpelekea mimi, juu ya lori la Fuso, mwaka ule mvua ilipokataa kukatika.

Nilikuwa na ng'ombe ishirini na mmoja, upande wa Kahama. Nilichimba dhahabu kabla sijafuga, na zizi nililijenga palepale penye machimbo, jirani na mashimo matupu na bwawa nililokuwa nikioshea mchanga. Watu waliniambia nilifukie. Nikawajibu kuwa ng'ombe nao wanakunywa. Mvua zile zilijaza kila shimo, na mbu wakawa wengi hata ng'ombe wakasongamana kwenye moshi wa mavi makavu.

Kisha mimba zikaanza kutoka. Wa kwanza nilisema ni bahati mbaya. Wa pili na wa tatu walitupa mimba siku moja. Esta, afisa mifugo wetu, akatuma ujumbe kuwa Alhamisi angekuja kuchukua damu, na ugonjwa ukionekana, hakuna ng'ombe kutoka wala kuingia.

Mwenye akili angemsubiri. Mimi nilifanya alichofanya baba yangu kila zizi lilipoingiliwa na ugonjwa: niliwatawanya. Sisi Wasukuma hatuweki ng'ombe wote mahali pamoja. Unampelekea ndugu wachache, anawatunza na kunywa maziwa, na midomo inafungwa; mwenye ng'ombe hatajwi. Jumatano alfajiri nikapakia mitamba wanne wenye mimba, bila kibali, hadi kwa Lusia, nje kidogo ya Mhunze.

Alifurahi. Alikuwa mjane, na zizini mwake mlikuwa na mbuzi watatu tu. Akaniuliza kama ni wazima. Nikasema wazima, nikaomba maji ya kunywa.

Siku ya sita mmoja alizaa ndama mfu, na Lusia akamvuta kwa mikono mitupu, kama mama alivyotufundisha. Homa ikafuata. Nilimkuta zahanati, chini ya chandarua, macho mekundu. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Muuguzi akamuuliza kwa upole kama nyumbani imeingia mifugo mipya.

"Hakuna," akasema Lusia. "Ni wangu wa siku zote."

Alikuwa ananitunzia siri, na mwili unamtetemeka. Mimi nilisimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi. Neno moja langu lingetosha. Muuguzi akaandika alichoambiwa, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Homa ilipoisha, ilimwachia Lusia lile doa machoni.

Kwa kuwa hakuna aliyejua ng'ombe wale wametoka kwangu, hakuna aliyekuja kupima. Mwezi huo mbuzi wa jirani yake Melania walitupa mimba, kisha mumewe, Ignas, akashikwa na homa, akatapika damu, akafa. Watu wakasema amerogwa. Nilikwenda kuzika. Nilishika sepetu kuliko wengine wote, na nikajichukia kwa bidii ile.

Miaka miwili baadaye Esta alikuja kuchanja. Akatueleza kuwa mayai ya mbu wenye ugonjwa ule hukaa kwenye udongo mkavu miaka na miaka, yakingoja maji. Mbu wakitoka huanza na ng'ombe. Kisha ng'ombe mmoja akisafirishwa, mbu wa huko anakofika humng'ata, nao huupeleka ugonjwa kwa watu. Na anayegusa damu ya uzazi hahitaji hata mbu. Aliyasema hayo huku akijaza sindano, wala hakunitazama. Wiki hiyo nililifukia bwawa. Halafu nikapanda basi la Mhunze.

Nilimkuta anakamua. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Nikachuchumaa kando ya ndoo.

"Dada, wale ng'ombe. Kwangu walikuwa wameshaanza kutupa mimba. Niliwaleta nikijua."

Alikamua chuchu zote nne, bila haraka, akaisogeza ndoo mbali na kwato. Kisha akageuza uso kuelekea ukutani, nikajua kwamba sasa ananitazama.

"Wachukue," akasema. "Ila usije na gari alfajiri. Njoo mchana, uwaswage kwa miguu, upite zahanati, upite na kwa Melania. Mtu akikuuliza ni wa nani, umjibu."

Nikaenda kukata kibali, nikaandikisha jina langu. Siku ya tatu, saa sita mchana, nikawatoa zizini. Lusia alisimama mlangoni, uso kando.

Melania alikuwa anaanika mtama uani. Alipoona wanapita, akanyanyuka, akajikung'uta mikono, akauliza.